Marubani haba, marubani wasio na kazi: kwa nini yote mawili ni kweli

Mwaka jana mwezi wa pili mama mmoja wa Moshi alinipigia simu. Namba yangu alipewa na mtu wanayesali naye. Tulisalimiana, akaulizia watoto, akanyamaza kidogo, kisha akasema lililomfanya apige.

"Mwanangu kapteni, kijana wangu ana leseni ya urubani, huu mwaka wa pili. Tuliuza kiwanja cha Boma Ng'ombe, baba yake akachukua mkopo wa ushirika juu yake. Kila siku nasikia redioni kwamba dunia ina uhaba wa marubani. Mbona wangu yuko hapa nyumbani? Nani anatudanganya?"

Nilimjibu kwamba hakuna anayewadanganya. Redio imesema kweli, na kijana wake kukosa kazi ni kweli vilevile. Neno "rubani" linabeba watu wawili tofauti: aliyepata leseni na aliyepata uzoefu. Wanaotafutwa kwa tochi ni hao wa pili. Wa kwanza wako wengi, hapa kwetu na kwingine, na kati yao na wenzao kuna mto ambao siku ya kulipa ada hakuna aliyewaonyesha upana wake.

Mimi niliuvuka kwa miezi 14 ya kusota bila kazi, na baada ya hapo miaka mitatu ya kupanda taratibu. Leo narusha Cessna Caravan kutoka Arusha. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza yule mama kwa vipande, simu baada ya simu. Natamani wazazi wengine wayasikie kabla ya kuuza kiwanja.

Sheria inaruhusu, bima inakataa

Kwa kiwango cha chini kilichowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya urubani wa biashara hupewa mtu aliyefikisha miaka 18, mwenye cheti cha afya cha daraja la kwanza, aliyefaulu mitihani yake na mwenye saa 200 za kuruka. Akisoma kozi kamili katika shule iliyoidhinishwa, saa 150 zinaweza kutosha. Mamlaka zetu za usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, zimejenga kanuni zao juu ya msingi huo.

Leseni hiyo inamruhusu mwenye nayo kulipwa kwa kuruka. Inamruhusu hata kuwa kapteni wa ndege ya biashara ya rubani mmoja, maadamu amefunzwa aina hiyo ya ndege. Kwa hiyo kwenye karatasi kijana anaweza kupokea leseni Jumatatu, na akishamaliza mafunzo ya Caravan, akabeba watalii kwenda Serengeti. Wazazi wengi wanaishia hapo kwenye karatasi. Shule nyingi nazo zinaishia hapo zinapotangaza.

Fungua logibuku, daftari ambamo rubani huandika saa zake, ya mwenye saa 200 uisome. Kurasa za mwanzo karibu zote ni mzunguko wa uwanja mmoja: kuruka, kukata kona, kushuka, kutua, kurudia. Halafu zinakuja safari za mbali, ikiwemo ile ya lazima ya kilomita 540 yenye kutua katika viwanja vingine viwili. Usiku kidogo, kuruka kwa kutegemea vyombo kidogo, injini mbili kidogo sana kwa sababu saa yake ni ghali. Karibu zote ni ndani ya Cessna 172 ya viti vinne au ndogo kuliko hiyo. Hajabeba abiria aliyelipa nauli. Hajasimama mbele ya watu waliochoka safari akawaambia leo haturuki.

Sasa mgeukie mwenye kampuni. Caravan mpya inazidi dola milioni 2, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni ya benki. Benki inadai bima. Kampuni ya bima inaandika kwenye mkataba wake kwamba kapteni wa ndege hii awe na saa zisizopungua kiasi fulani kwa jumla, na kiasi fulani katika aina hii. Kiasi hicho hutofautiana mkataba kwa mkataba, ila miaka yote niliyofanya kazi sijaona unaokubali 200 kwa kiti cha kushoto, yaani cha kapteni. Nyuma ya bima wamepanga foleni wateja wenyewe: mawakala wa utalii wa Ulaya, mashirika ya misaada, kampuni za madini na mafuta. Kila mmoja ana masharti yake kuhusu saa za marubani, na mara nyingi ni mazito kuliko ya mamlaka. Mkurugenzi anaweza kumpenda kijana, akawa anamjua na baba yake, lakini mkono wake umeshafungwa kabla kijana hajafika getini.

Kuna wanaoona hii ni roho mbaya. Mimi siioni hivyo, na nitaeleza kwa asubuhi moja tu ya kazi.

Uwanja wa Arusha pale Kisongo uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ikifika saa tano jua limewaka, hewa imekuwa nyepesi, na ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kunyanyuka kuliko ingehitaji Tanga. Abiria wangu ni 11. Kila mmoja ameandikiwa kilo 15 katika begi laini, kwa sababu pango la mizigo chini ya tumbo la ndege halipokei sanduku gumu. Mgeni mmoja amekuja na sanduku la magurudumu la kilo 23, na mkewe ana begi la kamera ambalo halijapita kwenye mizani. Wakala wao amesimama pembeni na simu sikioni. Nina vituo vitatu, cha mwisho Kogatende, kaskazini kabisa ya Serengeti, na mafuta ninayobeba lazima yatoshe kufika huko, kurudi, na kukwepa mvua iliyo njiani. Nikiongeza kilo nane za sanduku ninapunguza nini? Nikifika Kogatende nakuta nyumbu wamelala kwenye njia ya kutua. Nazunguka juu mara mbili mpaka gari la kambi liwafukuze, na dakika hizo zimeshatoka kwenye mafuta yale yale.

Hakuna jambo hata moja hapo lililo gumu likija peke yake. Yote huja kwa pamoja, na watu 11 wanakutazama kisogo. Ndicho wenye bima wanachojaribu kukipima wanapohesabu saa. Kipimo chenyewe ni kibovu, maana kuna wenye saa 2,000 wasio na busara na wenye 300 walio makini kweli, lakini bado hakijapatikana kingine ambacho mtu wa ofisini London au Nairobi anaweza kukisoma kwenye karatasi.

Mto unavukwa wapi

Kazi ya kwanza kwa wengi ni ualimu. Unaongeza idhini ya kufundisha kwa maelfu kadhaa ya dola, kisha unakaa kiti cha kulia cha Cessna 172 ukimwangalia mwanafunzi akifanya makosa uliyoyafanya wewe mwaka uliopita. Saa hizo zinaandikwa kama saa za kapteni, na hakuna njia safi kuliko hiyo ya kuzipata. Mshahara ni mdogo, shule nyingine hulipa kwa saa uliyoruka tu, kwa hiyo wiki ya mvua ni wiki ya kukosa. Nafasi zenyewe ni chache. Shule za eneo letu zimejikusanya zaidi Uwanja wa Wilson, Nairobi, na kila moja ina wanafunzi wa kuhesabika. Walimu watatu wakikaa bila kuhama, mlango umefungwa kwa mwaka mzima. Anayechaguliwa karibu kila mara ni yule aliyesoma palepale na walimu wanamjua. Kijana anayekuja kwetu na leseni ya Afrika Kusini, Marekani au Ufilipino anaanza na kazi ya kuibadilisha leseni hiyo iwe ya nyumbani, mitihani ikiwemo, na hana mwalimu hata mmoja hapa wa kumsemea. Hilo halitajwi shule za nje zinapotangaza bei nafuu.

Njia ya pili ni kiti cha kulia cha Caravan, cha rubani msaidizi, na hapa naomba msomaji akae kidogo, kwa sababu vijana wengi wameumia bila kujua.

Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kampuni zinazoweka wawili hufanya hivyo kwa sababu mteja anataka, au kanuni ya nchi kwa safari za aina fulani inataka. Kijana anafurahi: amevaa sare, ana mistari miwili begani, anaruka kila siku. Lakini kanuni ya ICAO inasema rubani msaidizi katika ndege iliyoidhinishwa kwa rubani mmoja, pale nchi inapolazimisha awepo, atahesabiwa si zaidi ya nusu ya saa hizo anapotafuta leseni ya juu. Nchi inaweza kuzihesabu zote ikiwa ndege imefungwa vifaa vya marubani wawili na kazi inafanywa kwa utaratibu wa wawili. Na kama wa pili amewekwa kwa matakwa ya mteja tu, bila kanuni yoyote kumtaka, hata hiyo nusu inaweza kuleta mjadala mezani kwa mkaguzi. Katika ATR, Dash 8 au ndege yoyote ambayo yenyewe haiwezi kuruka kisheria bila watu wawili, saa za msaidizi zinahesabiwa zote.

Ninamfahamu kijana aliyekaa kulia miaka miwili, akafika ofisi ya mamlaka na logibuku inayosomeka zaidi ya saa 1,100, akatoka na karibu 650. Alilia kwenye gari. Kampuni yake haikuwa imemdanganya, ila haikumwambia, na yeye hakuuliza. Swali la kuuliza siku ya kusaini mkataba ni hili: saa zangu zitahesabiwaje, na nitahamia lini kiti cha kushoto? Usiridhike na jibu la "tutaona". Omba liandikwe.

Njia ya tatu haionekani kama njia. Ni chumba cha operesheni: kupanga ratiba, kupima mizigo, kujibu simu za kambi, kumwambia kapteni hali ya uwanja wa Kogatende. Nusu ya marubani ninaoruka nao leo walipitia pale. Nilianzia huko mimi mwenyewe. Nilivaa fulana ya njano ya kung'aa, nikawa nasukuma mkokoteni wa mabegi nikiwa na leseni ya urubani mfukoni, na siku ya kwanza baba mdogo wangu alinikuta pale akadhani nimefeli. Lakini rubani akiugua ghafla, au ndege ikirudi tupu kutoka Mafia na kapteni akataka mtu wa kukaa pembeni, anayeitwa ni yule aliye chumbani, anayejua ndege hii ina tatizo gani na kambi ile inapokea vipi wageni. Watu husema urubani ni kazi ya kujuana, na wana haki kwa kiasi chake. Kujuana kunakosaidia mwenye saa 200 mara nyingi ni huku kwa kuonekana kila asubuhi saa kumi na mbili, miezi sita mfululizo, ukifanya kazi ya mizigo bila kununa.

Ziko njia nyingine nyembamba: kupandisha warukaji wa parachuti Diani, upigaji picha na upimaji wa angani, safari za mizigo kutoka Wilson kwenda Somalia na Sudan Kusini, na kwa wenye moyo wa huduma, ndege za misheni. Sudan Kusini, Somalia na mashariki mwa Kongo kuna kazi nyingi kuliko nyumbani, na malipo yake huvutia. Ninachosema kwa wanaoniuliza ni kwamba kampuni inayokubali saa 200 mahali pagumu namna ile inapaswa kuulizwa maswali mawili zaidi: ndege inatengenezwa wapi, na nani alikaa kiti hicho kabla yangu, na sasa yuko wapi.

Na mashirika makubwa? Kijana akisema "rubani", familia inawaza Boeing 787 ya Air Tanzania (ATCL) au ya Kenya Airways. Inawezekana kabisa mtu akatoka shule na kukaa kulia kwenye ndege kubwa. Ethiopian Airlines ina chuo chake Addis Ababa, na wahitimu wake huingia moja kwa moja katika ndege za shirika. Kenya Airways nayo imewahi kusomesha vijana tangu sifuri. Lakini hao walichaguliwa kabla ya kusoma, kwa usaili mgumu, na shirika likawafunga kwa mkataba wa miaka kadhaa kufidia gharama. Aliyejisomesha akaja na saa zake 200 yuko kwenye foleni nyingine. Shirika linapotangaza nafasi za rubani msaidizi, soma sharti la saa na uzoefu wa injini mbili kabla ya kumpigia mama simu ya furaha.

Hapo kwenye injini mbili pana mtego mwingine. Caravan ina injini moja. Unaweza kufikisha saa 1,500 ndani yake, ukawa rubani hodari wa viwanja vya vumbi, na bado ukakuta tangazo linalodai saa 200 au 500 za injini mbili ambazo huna. Kampuni zenye ndege ndogo za injini mbili zimepungua tangu Caravan ilipotawala soko. Anayeweza kupata hata saa chache kila mwezi katika injini mbili asizidharau.

Usinunue mto

Baba wa kijana yule wa Moshi aliniuliza kama wanaweza kulipia saa zinazobaki. Nilimwomba tupige hesabu pamoja. Tuseme saa moja ya Cessna 172 ni dola 200, na sehemu nyingi ni zaidi. Kutoka saa 200 hadi 500 ni saa 300, yaani dola 60,000. Ni sawa na ada ya mafunzo yote aliyoyalipia, mara ya pili, na mwisho wake ni mtu mwenye saa 500 za kuzunguka peke yake, ambazo mwajiri anazisoma kwa macho tofauti na zile za kazi. Alikaa kimya sana.

Ndugu wa karibu wa kununua saa ni kulipia mafunzo ya ndege kubwa kabla ya kuitwa na yeyote. Mafunzo ya Airbus A320 au Boeing 737 ni makumi ya maelfu ya dola. Idhini inayotokana nayo inahitaji kuhuishwa kwa ukaguzi katika simuleta, mashine ya kuigiza kuruka, kwa kawaida kila mwaka, na mwenye idhini mpya bila saa hata moja ya ndege hiyo bado si anayetafutwa. Wapo pia wanaouza kiti: lipa, ukae kulia miezi kadhaa ukibeba abiria wao waliolipa nauli. Rafiki yangu alilipa. Alipata sehemu ya saa alizoahidiwa, kisha ndege "ikaingia matengenezo", na fedha hazikurudi. Kampuni inayomtoza rubani ili afanye kazi yake imeshakuambia hali ya hazina yake.

Halafu kuna saa za kalamu. Ni dhambi kongwe ya fani hii: kijana anakaa usiku na logibuku, anageuza 0.8 kuwa 1.8, anaongeza safari ambayo haikuwapo. Anaona wenzake wanafanya. Lakini kila ndege ina daftari lake la kiufundi linaloandika kila dakika injini ilipozunguka, mnara una kumbukumbu zake, na mkaguzi akiweka vitabu hivyo viwili pamoja, mchezo umekwisha. Anayekamatwa anaweza kupoteza leseni, na jina halisafiki tena katika uwanja ambamo kila mtu anamjua kila mtu. Hata asipokamatwa, siku moja atakabidhiwa kiti cha kushoto kwa uzoefu ambao hana, na nyumbu watakuwa wamelala Kogatende.

Foleni inayosogezwa na Dubai na Doha

Kijana anayesubiri Kisongo anadhani hatima yake iko mikononi mwa kampuni tano za hapo. Kwa kweli inaanzia mbali. Mashirika ya Ghuba yanapoongeza ndege, yanachukua makapteni na wasaidizi wenye uzoefu kutoka Nairobi, Addis Ababa na Dar es Salaam. Mashirika hayo ya nyumbani yanajaza mapengo kwa marubani wa ATR na Dash 8. Precision Air na Jambojet, wenye ndege hizo, wanaangalia kampuni za Caravan. Kampuni za Caravan zinapandisha walio kulia, na ndipo mtu wa operesheni anavua fulana ya njano. Mtu mmoja akiondoka kwenda Doha, watu wanne wanasogea nyuma yake.

Mambo yakiharibika, mnyororo huo huo unarudi nyuma. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga anga, wenye saa 5,000 walikuwa nyumbani, na baadaye kazi zilipoanza kurudi walishindania viti ambavyo kwa kawaida vingekuwa vya wenye 300. Walioanza shule 2018 kwa matumaini makubwa walihitimu katikati ya kiza hicho. Hawakukosea kitu. Fastjet ilipoacha kuruka Tanzania mwishoni mwa 2018, marubani wake waliingia sokoni siku moja na wahitimu wa mwaka ule. Kampuni ya Boeing hutoa kila mwaka makadirio ya marubani watakaohitajika duniani kwa miaka 20, na matoleo ya karibuni yamepita 600,000. Redio ya yule mama ilikuwa inasoma namba kama hiyo. Ni makadirio ya miaka 20 kwa dunia nzima, wakiwemo wa kuziba nafasi za wanaostaafu. Hayasemi lolote kuhusu mwezi wa tatu mwaka huu pale Arusha.

Vijana pia hutazama sana video za Wamarekani, na ninawaomba wazitazame kwa uangalifu. Kule, baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwezi Februari 2009 iliyoua watu 50, sheria ilibadilishwa na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la ndege anahitaji kwa kawaida saa 1,500. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na saa zaidi ya hizo, na mabishano juu ya sheria hiyo hayajaisha. Lakini Marekani ina shule nyingi kiasi kwamba mwalimu mchanga anaweza kufikisha saa hizo kwa miaka miwili hivi. Sisi hatuna utitiri huo wa wanafunzi. Njia yao ya ualimu ni barabara kuu. Kwetu ni kichochoro.

Fedha ya kusubiria

Baada ya maneno yote haya, kitu kimoja ndicho ninachotaka familia ikiandike kabla ya kulipa ada: bajeti ya mafunzo haiishii siku ya leseni. Leseni isiyotumika inalala. Kubeba abiria kunataka uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Idhini ya vyombo inakaguliwa kila mwaka. Cheti cha afya nacho, kwa aliye chini ya miaka 40, ni cha miezi 12, na kila kipimo kina bei. Kiingereza cha mawasiliano ya anga kikipimwa daraja la 4 kinapimwa tena baada ya miaka mitatu. Kijana anayeacha yote yaishe kwa kukosa fedha anaitwa kwenye usaili mwezi wa 20 akiwa hana cha kuonyesha. Nimeona hilo mara nyingi mno, na linaniuma kuliko yote, kwa sababu waliobaki na fedha kidogo tu ya kusubiria ndio waliopata nafasi zile.

Kwa kadiri niliyoona, kati ya leseni na mshahara wa kwanza wa kuruka weka miezi sita ukiwa na bahati, miaka miwili ukiwa wa kawaida. Kutoka hapo hadi ndege kubwa, miaka mitatu hadi mitano soko likiwa zuri. Kampuni za utalii zinajipanga kabla ya msimu unaoanza Juni, kwa hiyo nenda ukagonge milango Januari hadi Machi, ana kwa ana, ukiwa na logibuku safi. Masika yakishaanza, viwanja vinajaa tope na wakurugenzi wanapunguza watu.

Yule kijana wa Moshi alikuja Arusha Machi ile ile. Alipata kazi ya mizigo na ratiba, mshahara wa kulipa chumba Ngaramtoni na nauli ya daladala. Mama yake alinipigia kuuliza kama ni salama kumwambia mume wake kwamba mtoto anasukuma mkokoteni. Nilimwambia amwambie.

Mwezi uliopita alinitumia picha ya ukurasa wa logibuku. Mistari minne mipya, Arusha hadi Seronera na kurudi, mara mbili, safu ya rubani msaidizi, mwandiko umenyooka kama wa mtihani. Chini aliandika: "Kaka, hizi naziandika zote au nusu?" Nikamjibu aandike zote katika safu hiyo hiyo, asiguse ile ya kapteni, kisha Jumatatu apige simu TCAA aulize zitahesabiwaje, sasa zikiwa saa nne na dakika kumi, kabla hazijafika mia nne.